Kinga Hayo Matundu, Mama

Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, mwaka 1984, nyumba yangu ya Kihanga ilikuwa na watu ishirini na saba, na saa moja asubuhi ilikuwa haijafika. Mimi ni mtu wa watu. Nyumba isipojaa sipati usingizi. Lakini siku hiyo nilimtazama kila aliyeingia uani na kikapu chake cha ndizi, nikamwitikia shikamoo yake, na moyoni nikatamani angekuwa kipofu.

Sababu yenyewe nilikuwa nimeimeza. Kemigisha, binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu ana miaka sita, alikuwa na mimba ya miezi minne. Siku hiyo alikuwa anaolewa kule Kaisho na Telesfori, na mimba ilikuwa ya Telesfori huyo huyo, kwa hiyo tukifika kanisani mambo yote yangekuwa sawa. Tatizo ni kwamba kanisani ilikuwa leo au basi. Jumatano inaanza Kwaresima, na katika Kwaresima Padri wa kule alikuwa hafungishi ndoa. Kungoja mpaka Pasaka ipite, tumbo lingetangulia kuingia kanisani, bibi harusi angefuata nyuma. Na ni nani aliyekaa mbele ya mama yake Telesfori na wazee wa pande zote mbili akasema binti ni mzima, hana doa? Ni mimi, Costansia. Kwetu shangazi ndiye anayemjibia binti. Nilipoapa vile nilikuwa sijui. Nilipojua, wiki tatu baadaye, tulijua watatu tu: yeye, Telesfori na mimi.

Gari la kutupeleka lilikuwa Foksi la Mzee Rweyemamu, karani mstaafu wa chama cha kahawa, lile lenye mgongo wa kobe na injini nyuma. Mwaka ule petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Basi la Kaisho lilipita likijisikia, na lori la chama lilikuwa juu ya mawe tangu Krismasi. Mzee Rweyemamu alikuwa ametunza debe moja la petroli chini ya kitanda chake kwa ajili ya harusi hii, mpaka mkewe akahamia chumba cha watoto kwa harufu. Ijumaa jioni akawa anakuja kwangu kulaza gari, na kwenye kilima cha mwisho Foksi likakohoa, likakohoa tena, likazima. Tulilisukuma hadi uani tukiimba kama si jambo kubwa.

Fundi alikuwa Pastory. Huyu baba yake alitoka Kiruruma akaenda kukata mkonge Tanga, akamzalia huko. Pastory alirudi nyumbani ana miaka thelathini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha redioni. Alipozungumza tulikaa kimya tumsikilize hata kama anaomba chumvi. Kinyambo, lugha yetu, alijua kusalimia tu, na hata hicho wanawake walimchokoza, wakimwambia anasalimia kama askari wa forodha.

Pastory aliinama nyuma ya gari na taa ya chemli, akasikiliza, akatoka na jibu. Kuna bomba moja juu ya injini, limepinda huku na huku kama pembe za ng'ombe wetu. Katikati limebeba kabureta, na ncha zake mbili zinashuka kulia na kushoto kupeleka hewa na petroli kwenye silinda. Mafundi wanaliita manifoli. Ile ya Mzee Rweyemamu ilikuwa imeliwa na kutu shingoni, na mzee alikuwa ameifunga miezi kadhaa kwa mpira wa baiskeli na sabuni ya kipande. Sasa imekatika kabisa. Inavuta hewa ya nje, petroli haifiki.

Kulikuwa na Foksi jingine lililokufa, liko kwenye kibanja kimoja huko Kiruruma, magugu yamelifunika na kuku wanatagia ndani. Pastory alipanda baiskeli alfajiri, na saa moja na nusu alikuwa amerudi, manifoli imefungwa kwenye keria, ina kutu lakini nzima. Nilihesabu kichwani. Padri alikuwa amesema wazi kwamba misa ya ndoa ni saa saba, na saa nane anapanda pikipiki yake kwenda kigango kingine mpaka Jumatatu. Safari ni saa mbili na nusu kama barabara haijanyeshewa. Saa nne tuwe tumeondoka. Pastory alisema saa nne inatosha.

Wanaume sita waliinua matako ya gari. Pastory akafungua boliti nne tu, injini nzima ikashuka juu ya tairi kuukuu kama mtoto anayetolewa mgongoni. Watu walishangaa mno. Jirani yangu Evangelina, mama wa ubatizo wa Kemigisha na mwenye macho makali kuliko wote Kihanga, alileta ndoo ya maji aipe injini inywe, na Mzee Rweyemamu akamweleza kwamba gari hili halinywi maji, linapozwa na upepo. Evangelina alisema gari lisilokunywa maji yeye halielewi, na kwamba hata mwanamume wa namna hiyo asingemwamini. Akaiacha ndoo pale, akarudi ndani alikokuwa Kemigisha. Nikamfuata mbio. Sikutaka akae naye peke yake.

Siku nzima ile ndivyo nilivyokuwa, mguu mmoja kwenye gari, mguu mmoja kwenye chumba cha bibi harusi.

Nilipotoka tena, Pastory alikuwa ameshaondoa manifoli mbovu. Pale ilipokuwa imekaa, kila upande wa injini, palikuwa na tundu moja jeusi, upana wa kuingia dole gumba. Ile ya Kiruruma ilikuwa inahitaji kusuguliwa kutu ndani kwa mchanga na petroli, na Pastory alitaka kwenda kuifanyia nyuma ya jiko, mbali na watu wenye sigara. Uani kuku walikuwa wanaparura na wasichana walikuwa wanajaribu ngoma, vumbi linapanda. Akaniangalia, maana nilikuwa karibu.

“Kinga hayo matundu, mama,” akasema. “Vumbi likiingia humo, injini imekufa.”

Kazi hiyo naijua tangu nina miaka saba. Ni nani Kihanga aliyekuwa anaziba vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, vizuri kuliko mimi? Nilichukua maganda makavu ya mgomba, nikayalainisha kwa mate, nikayasokota yakawa kizibo kigumu, nikakisukuma ndani ya tundu la kwanza kwa dole gumba, kisha kwa kijiti, mpaka nikasikia kimekaa. La pili vilevile. Juu yake, kwa usafi, nikafunika kipande cha jani bichi la mgomba na kukifunga kwa ugwe. Nikarudi ndani kumvisha Kemigisha gaguro.

Pastory aliporudi na manifoli yake, mimi nikiwa mlangoni, alifungua ugwe, akatupa yale majani, akapangusa, akanisifu mbele ya watu wote kwamba ningezaliwa mwanamume ningekuwa fundi. Nilijibu kwamba ningezaliwa mwanamume nani angeolewa na wanaume wa hapa. Watu wakacheka. Nikarudi ndani nimefurahi, nikidhani ametoa vyote.

Saa nne na robo injini ilikuwa imerudi mahali pake. Mzee Rweyemamu, na tai yake ya ukarani shingoni, akaingia akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka. Hata kukohoa hakuna.

Pastory akafungua plagi, akaigusisha bati, ikatoa cheche nzuri. Akafungua bomba la petroli, petroli ikatoka. Akasafisha kabureta. Stata tena. Hakuna. Saa tano kasoro betri ikaanza kulegea, sauti ikawa ya mtu anayevuta kamasi. Tukasema tulisukume. Wanaume wote wakalisukuma likateremka njia ya kisimani, gia ya pili, Mzee Rweyemamu akaachia klachi, gari likatetemeka likasimama chini kabisa. Kulirudisha juu kulichukua karibu nusu saa, na waliovaa mashati meupe hawakurudi nayo meupe.

Wakati huo wanawake walikuwa wameanza kunong'ona. Wengine walisema manifoli ya gari lililokufa imeleta kifo chake. Evangelina hakunong'ona. Alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, anamtazama Kemigisha, ambaye harufu ya petroli ilikuwa imemshinda na alikuwa ameinama nyuma ya migomba anatapika, gaguro amelikunja mkononi.

“Anatapika nini, na hajala tangu jana?” Evangelina aliuliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

Nilimwambia ni woga.

“Mimi pia niliogopa nilipoolewa,” akasema. “Lakini sikutapika. Nilitapika baadaye.”

Wanawake walicheka sana, na mimi nikacheka kuwazidi. Nilimshika Kemigisha mkono nikamwingiza ndani. Alikuwa analia kimya kimya. Aliniambia, shangazi, kama hatuendi leo mimi sitarudi hapa uani mbele ya hawa. Nitashuka mtoni. Hakusema anashuka mtoni kufanya nini. Nilimwambia tutaenda, nikamkalisha kitandani, nikatoka nje nikafunga mlango kwa komeo. Ni mara ya kwanza nyumba yangu kufungwa mchana wageni wakiwapo.

Saa tano na nusu. Pastory alikuwa amekaa chini kando ya gari, mikono juu ya magoti, hasemi. Fundi anayesema unaweza kumgombeza. Huyu alikuwa kimya na jasho linamchuruzika, nikaona kwamba naye anaogopa. Halafu akanyanyuka kama aliyekumbuka kitu. Akaondoa chujio la hewa, akaweka kiganja juu ya mdomo wa kabureta, akaziba kabisa, akamwambia Mzee Rweyemamu apige stata kwa betri iliyobaki. Injini ikazunguka polepole. Pastory akaondoa kiganja, akakitazama.

“Haivuti,” akasema. “Ilipaswa kuning'ang'ania mkono. Haina pumzi kabisa. Mahali fulani huko ndani pamezibwa.”

Nilikumbuka dole gumba langu. Nilikumbuka kijiti.

Sasa fikiria. Watu ishirini na saba, na wengine walikuwa wameongezeka. Shughuli ni yangu, binti ni wangu, na mimi mwenyewe ndiye nimeua gari. Ningeweza kunyamaza, labda angekuta mwenyewe, labda angesema ni kuku wa Kiruruma walioziba kwa viota vyao. Lakini angekuta saa ngapi? Angeanzia wapi kutafuta? Jua lilikuwa linapanda tu.

“Ni mimi,” nikasema. “Nimeziba mimi. Matundu yote mawili.”

Pastory aligeuka taratibu. “Umeziba kwa nini, mama?”

“Si uliniambia nikinge?”

“Nilikwambia ukinge. Ufunike vumbi lisiingie. Sikukwambia uzibe.”

“Baba,” nikamwambia, “hapa kwetu ukiambiwa kinga mlango, unauacha wazi?”

Wazee wakatazamana. Hapo ndipo ilipowaingia wote kwa pamoja, kwamba kwetu Kinyambo kukinga ni kufunga, ni kufunga kabisa, na Wanyarwanda majirani zetu nao wanasema hivyo hivyo, na kwamba mtoto wa Tanga alikuwa ametumia neno letu bila kujua ni letu. Kikaanguka kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka barabarani. Hata Mzee Rweyemamu alilalia usukani. Pastory peke yake hakucheka. Alikuwa ameshashika spana.

“Inueni gari,” akasema.

Waliinua. Injini ikashuka tena juu ya lile tairi. Safari hii hakuongea na mtu, na mimi nilipiga magoti kando yake, gauni langu la kwendea harusini na yote, nikimshikia nati kwenye kiganja. Manifoli ikatoka. Tundu la kulia, akaingiza koleo, kizibo kikatoka kizima, kimelowa petroli. La kushoto, akavuta, kikatoka. Akakitazama, akakilaza kando ya kile cha kwanza. Kilikuwa kifupi.

“Vilikuwa sawa?” akaniuliza.

Sikuwa na uhakika. Nani anayepima kizibo?

Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba kama kuna kipande kimevutwa mpaka ndani ya silinda, injini ikiwaka kinaweza kuzuia vali isifunge, na tutasimama porini katikati ya Kihanga na Kaisho. Kwa hiyo lazima ajue. “Nisokotee kingine,” akasema. “Kama ulivyosokota kile. Usifikiri, sokota tu.”

Nikapewa maganda ya mgomba. Kweli mikono ina kumbukumbu yake. Nililainisha, nikakunja, nikasokota, nikakata kwa meno pale ninapokata siku zote. Akakichukua, akakilaza kati ya vile viwili. Kilikuwa sawa na cha kulia. Cha kushoto kilipungua urefu wa kidole.

Akachomoa spoku kwenye gurudumu la baiskeli yake, akaipinda ncha kama ndoana, akaingiza tundu la kushoto. Alikuwa anavuta vinyuzi, kimoja, viwili, anavipanga juu ya jani. Saa sita ikapita. Evangelina alikuwa ameinama juu ya mabega yetu, anahesabu vile vinyuzi kwa midomo. Mwishowe kikatoka kidonge kizima, kilikuwa kimekaa juu ya vali, hakijateremka. Pastory akakikunjua, akakiunganisha na kile kifupi. Kidole kikatimia.

“Hicho hapo,” akasema, akafumba macho kidogo.

Injini ilirudi juu. Tulisukuma tena kuteremka njia ya kisimani, na katikati ya mteremko Foksi likapiga kelele, likatoa moshi mweusi, likashika. Mzee Rweyemamu hakuthubutu kulizima, nami nikakimbia kumfungulia Kemigisha mlango. Tulipakia gari likiwa linanguruma: yeye kwenye usukani, Kemigisha mbele na shela lake magotini, nyuma mimi, Pastory na mfuko wa spana, na Evangelina, kwa sababu mama wa ubatizo humwachi. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Misa ilikuwa inaanza na bibi harusi yuko Kihanga.

Njiani sikuzungumza. Wanaonifahamu hawataamini. Kila kilima nilibana meno mpaka gari lifike juu. Tulisimama mara mbili Kemigisha atapike, na mara zote mbili Evangelina alishuka naye, akamshikia shela, akampangusa mdomo kwa kanga yake mwenyewe, hakusema neno. Hilo lilinitia hofu kuliko angesema.

Saa nane ilitukuta mbali. Saa nane na nusu bado tupo mbali. Saa tisa ikikaribia, tumeanza kuona migomba ya Kaisho ng'ambo ya bonde, pikipiki ikatokea mbele yetu na vumbi lake. Kanzu imekunjwa kiunoni, mkoba wa misa mgongoni. Mzee Rweyemamu akapiga honi mpaka pikipiki ikasimama.

Nilishuka mimi. Nilimwamkia Padri. Aliitikia lakini uso ulikuwa umefungwa. Alisema amengoja mpaka saa nane na nusu, watu wamekaa kanisani wanaota jua la mlangoni, na kule anakokwenda wanamngoja wagonjwa wa kupakwa mafuta. Nilimweleza habari za gari, zote, kwa haraka, hata za vizibo. Alitabasamu kidogo, halafu akasema kwa haki kabisa kwamba gari limeharibika, hakuna mwenye kosa, ndoa imetangazwa na haitapotea. Maharusi watarudi baada ya Pasaka.

“Wiki saba si nyingi, mama,” akasema. “Kwani haiwezi kungoja?”

Madirisha ya Foksi yalikuwa wazi. Mzee Rweyemamu anasikia, Pastory anasikia, Evangelina amenyoosha shingo. Nilikuwa na maneno mengi tayari, mimi sijawahi kukosa maneno: kwamba chakula kimepikwa, kwamba bibi wa bwana harusi anaumwa, kwamba wageni wametoka mbali. Nikamtazama Padri, na yote nikayaona ni ya uongo.

“Haiwezi, Padri,” nikasema.

Hakuniuliza tena. Alitazama kwenye gari, Kemigisha alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akageuza usukani, akaizungusha pikipiki pale pale barabarani.

“Sitahubiri,” akasema. “Na wimbo uwe mmoja.”

Nilirudi kwenye gari nikaketi. Tulimfuata, vumbi lake linatuingia mdomoni, hakuna aliyefunga dirisha. Pastory alikuwa ameangalia nje kwa adabu. Nilimngoja Evangelina. Nilijua tu kwamba swali lake linakuja, na kwamba kesho Kihanga yote itakuwa na habari kabla ya mimi kufika.

Alinisogelea sikioni.

“Mwezi wa ngapi?” akanong'ona.

“Wa nne.”

“Mimi nilisema wa tano,” akasema, kama mtu aliyekosea hesabu ya maharage. Akatoa sindano na uzi kwenye pindo la kanga yake, akamgusa Kemigisha begani. “Inama mbele, mwanangu. Gauni limekubana hapa ubavuni, nikulegezee mshono kabla hatujafika.”